Kodi ya Mtaro

Mtaro ulifika mlangoni pa Nabalayo wiki moja baada ya Pasaka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake, akachimba siku mbili shimo la kumeza mtu mzima, na siku ya tatu akalala. Juni ikaja, Julai ikaingia, mtaro wa maji taka bado uko wazi, mabomba hayajaletwa, na juu yake mbao mbili za watu kuvukia mmoja mmoja kama kuku.

Nabalayo alikuwa na kisiagi, mashine ya kusaga unga, pale Dandora, chumba cha pili kutoka kona, mwaka wake wa nane sasa. Akina mama wa Bungoma na Busia walimletea wimbi na mihogo mikavu ya uji. Wenye hoteli walimletea mahindi kwa magunia, juu ya mikokoteni, na hao ndio waliomlisha. Lakini mkokoteni haupiti kwenye mbao mbili. Mwezi wa kwanza wa mtaro wachukuzi walibeba magunia mgongoni wakinung'unika. Mwezi wa pili wakapandisha bei. Wa tatu wenye hoteli wakahamia kisiagi kingine, na Nabalayo akabaki na wateja wa kupima kwa vikombe. Kuna siku aliwasha mota kwa ajili ya kilo mbili za wimbi.

Kodi haikuwa na habari ya mtaro.

Akamwendea Mzee Njogu, mwenye ploti, aliyekaa ghorofa ya juu ya vyumba hivyo hivyo. Hakwenda kulia. Alikwenda na neno moja lililonyooka: apunguziwe kodi iwe nusu mpaka mtaro ufukiwe, kisha arudi kulipa kamili kama alivyolipa miaka yote. Mzee Njogu alimkaribisha chai, akimwita Mama Wakoli kwa jina la mwanawe. Akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema makandarasi wa siku hizi hawana utu, akasema atalifikiria jambo lake na kuliombea. Mara ya pili alisema bado analiombea. Mara ya tatu akamwambia angoje Ijumaa, na Nabalayo akashuka ngazi akimshukuru. Hilo ndilo lililomchoma baadaye kuliko mengine yote, kwamba alimshukuru.

Ijumaa yenyewe, saa nne asubuhi, kijana mmoja alivuka mbao akiwa na tepu ya kupimia. Nabalayo alikuwa akipangusa chekeche, unga umemjaa mpaka kwenye kope. Kijana akamwamkia kwa adabu, akapima mlango, akapima ukuta, kisha akaligonga kwa kiatu zege lililoshikilia kisiagi kwa bolti.

"Hii wataing'oa ama wataniachia?" akauliza.

"Nani aing'oe?"

"Mwenye mashine, mathe. Si anahama mwisho wa mwezi? Mzee alisema kuna mama ameshindwa na biashara."

Nabalayo aliweka chekeche chini taratibu. "Na huyo mama anajua kwamba anahama?"

"Hapo sijui. Amekuandika kazi wewe?" Kijana akamtazama kwa huruma. "Usijali. Nikifungua bucha nitataka mtu wa kuosha matumbo."

Aliitwa Ndeti, na alikuwa msemaji. Bila kuulizwa alieleza kwamba amekwisha kulipa gudwili, zile fedha ambazo mwenye ploti hudai kabla ya kukupa ufunguo na ambazo hazihesabiwi kama kodi. Nabalayo naye alilipa yake alipoingia. Sasa akaona kila kitu, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Mpangaji anayebaki kwa nusu kodi ni hasara. Mpangaji anayechoka akaondoka mwenyewe humfungulia mlango mwingine mwenye gudwili mkononi. Mzee Njogu hakuwa akiomba mtaro ufukiwe. Alikuwa akingoja yeye afukiwe.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nani?"

"Huyo mama aliyeshindwa."

Tepu ilimponyoka Ndeti ikajikunja kwa kishindo. Nabalayo alitamani kumsukuma mtaroni, yeye na shati lake lililopigwa pasi, na angalifanya hivyo kama kijana asingeanza kuomba msamaha kwa kugugumia. Akasema hakujua. Akasema fedha zile ni za ng'ombe wawili wa mamake, waliouzwa Mwala. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama si kweli kwamba mtaro unafungwa baada ya wiki mbili, maana Mzee ndivyo alivyomwambia.

Nabalayo alicheka kicheko kibaya. Akamshika mkono wa shati, akaacha hapo vidole vitano vyeupe, akamvusha hadi kwa Sylvance, nyapara wa mtaro, aliyebaki peke yake akilinda rundo la kokoto. Sylvance hakuficha. Vibarua wamerudishwa nyumbani, mabomba hayajulikani yaliko, na kabla ya Krismasi mtu asiulize.

Wakapanda ngazi pamoja. Mzee Njogu alikuwa mezani, anakula githeri, mahindi na maharagwe. Alipowaona wawili kwa mpigo, kijiko kikasimama hewani. Akamwomba Ndeti angoje nje kidogo. Nabalayo akamwambia Ndeti aketi, naye akaketi. Kwa sauti ile hata kabati lingeketi.

Mzee Njogu akaanza kujieleza. Ana mkopo wa benki. Ana watoto chuoni. Ploti si kanisa. Nabalayo alimwacha amalize, mikono imekunjwa kifuani, unga ukimdondokea juu ya zulia.

"Umemaliza? Sakafu ile niliimwaga mimi, Mzee. Ulipotaka kodi ya miezi mitatu kwa mpigo ukamzike mama yako, ulibisha mlango wa nani?"

Mzee Njogu akajaza kijiko tena.

"Sikuomba bure. Niliomba nusu. Ukanipa chai huku unauza kiti nilichokalia."

"Mama Wakoli, usinivunjie heshima mbele ya kijana."

"Heshima uliiuza ulipopokea gudwili yake. Sasa nisikie. Mimi nikitoka, huyu haingii. Ni bucha gani itavusha nyama kwenye mbao mbili? Chumba kitakaa kitupu mpaka Krismasi, na kodi ukaudai mtaro."

Ndeti akasema ni kweli, haingii, na anataka fedha zake.

Mzee Njogu akaisukuma sahani kando. Kisha akachana karatasi katika daftari, akaandika, akaisukuma mezani pamoja na kalamu. Nabalayo aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba yeye Njogu, kwa huruma yake, amemsaidia Mama Wakoli kulipa nusu ya kodi hadi atakapoona vyema.

Huruma ni mali ya mwenyewe. Atakupa leo, aichukue kesho asubuhi. Na huko kuona vyema, ni nani atakayemwazima macho?

"Andika mpaka mtaro ufukiwe na mikokoteni ipite," akasema. "Na huruma uiondoe."

"Tia sahihi hiyo, ama uhame Jumatatu."

Nabalayo akaichukua kalamu. Kisiagi hakibebwi kichwani kama mtumba. Chumba chenye umeme wa kusukuma mota ile hakikuwepo kingine mtaa mzima, na Mzee alikuwa mtu wa kuweza kukaa na chumba kitupu kwa kisirani tu. Angeweza kutia sahihi. Nusu ni nusu. Kalamu ilikuwa mkononi.

Akaigeuza karatasi, akairudisha.

"Upande huu ni mweupe," akasema. "Andika."

Mzee Njogu akahesabu kwa vidole miezi iliyobaki mpaka Krismasi. Kisha akaandika, akikandamiza kalamu kana kwamba anaua chawa. Nabalayo akasoma, akatia sahihi, Ndeti akatia yake kama shahidi.

"Hata shukrani hakuna, Mama Wakoli?"

"Nusu ya kodi kwa nusu ya duka. Shukrani ya nini?"

Akatoka. Alikuwa kwenye ngazi ya tano, karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa chake cha kichwa, aliposikia Ndeti akiuliza, "Na zangu, Mzee?" Jibu lilikuja pole pole, na sasa sauti ya Mzee Njogu ilikuwa imepona kabisa: fedha zimekwisha kununua tangi la maji, kijana awe mvumilivu, apitie mwezi ujao, au ule wa baadaye.

Nabalayo alisimama. Chini kulikuwa na duka lake, na huenda kulikuwa na mtu mwenye kikombe cha wimbi anayengoja. Jambo lake lilikuwa limekwisha.

Akageuka, akapanda, akavuta kiti akaketi kando ya Ndeti.

"Mzee," akasema, "hatujamaliza."