Suruali Nyeupe ya Koki

Mtaa mzima ulimwita Koki. Wengine walisema ni kwa sababu alikuwa fundi bomba, wengine wakasema ni kwa sababu ya koo lake, maana likishafunguliwa halikufungika. Mwenyewe alicheka nao, mpaka tumbo lilipomjaa maji na macho yakageuka manjano. Pombe ilikuwa imemla ini. Tangu siku hiyo Koki hakuionja tena, na aliyebisha na abishe.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyemlea. Asubuhi na jioni alimpimia dawa ya maji, tamu mpaka inakera, ambayo kazi yake ilikuwa kumwendesha chooni. Daktari aliwaambia wasiiache. Sababu aliieleza haraka haraka, nao wakaitikia ndiyo, ndiyo, kwa kuogopa kuonekana wajinga.

Binti yao akapata mchumba. "Baba, utaniingiza ukumbini wewe mwenyewe," alisema. "Lakini nikikuona umelewa, sikujui." Maneno makali, ila mtoto huyo alikuwa ameaibika vya kutosha: siku ya mahafali yake baba alilala kwenye bustani ya maua ya shule. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mama akamshonea mumewe suruali nyeupe, kama alivyotaka binti. Koki akaijaribu mbele ya kioo, mara uso ukamshuka.

"Mama watoto, nyeupe hii. Tumbo likinishika mbele za watu je?"

"Utakimbia."

"Kwa miguu hii?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Tuiache ile dawa kidogo. Harusi ikiisha, naendelea."

Mkewe alimwonea huruma. Kuharisha nako ni ugonjwa, alijiambia, tangu lini kukaitwa dawa? Akaisukuma chupa nyuma ya vitambaa. Tumbo la Koki likatulia, naye akamshukuru sana.

Siku ya harusi Koki aliamka na hasira zisizo na mwenyewe. Vifungo vya shati alivikosea. Mlangoni mwa ukumbi akayumba, mikono ikimtetemeka, na kwa ulimi mzito akamwita binti kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Mama akamsogelea na kumnusa mdomo. Ilikuwa harufu tamu, ya kitu kilichovunda, wala si ile aliyoishi nayo miaka yote. Lakini nani ananusa vizuri akiwa na hasira?

"Amekunywa," binti alisema. Hakulia. "Mama, mtoe."

Mama hakumtetea. Alimshika mkono, akampeleka chumba cha nyuma na kumlaza kwenye kochi.

"Leo umeniua," alimwambia.

"Nimefanya nini?" Koki aliuliza, akimtazama kama mtu mgeni. Mama akaufunga mlango. Binti akaingia ukumbini na mjomba wake.

Mama aliporudi kumwamsha, hakuamka.

Hospitalini daktari alitaka kujua kama mgonjwa anakwenda choo. Mama akasema tumbo limetulia, tangu waache dawa. Daktari akaweka kalamu chini, na safari hii akaeleza polepole. Ini zima huchuja sumu inayotoka utumboni. La Koki lilishindwa, na dawa ile ndiyo iliyoitoa sumu kwa njia ya choo kabla haijamfika kichwani. Ikimfika, mtu huchanganyikiwa, huyumba, ulimi humlemea. Ukimwona utasema kalewa.

"Na pombe?" mama aliuliza.

"Hana pombe mwilini. Hata tone."

Koki alikata roho jioni ile. Binti alifika na gauni lake la harusi, wanja umemchuruzika mashavuni.

"Alikunywa nini, mama?"

Mama angeweza kunyamaza. Moyo wake wote ulimwambia anyamaze.

"Baba yako hakulewa, mwanangu. Nilimwachisha dawa asije akakuaibisha. Nikamnusa, nikajua si pombe, na bado nikamtoa."

Binti akakaa sakafuni, gauni na yote. Nesi akawaletea nguo za marehemu. Mama akaikunjua suruali, akaigeuza mbele na nyuma kama afanyavyo fundi kabla ya kumkabidhi mteja. Haikuwa na doa hata moja.