Masikio Matano ya Rick Tollefson

Jumatatu ya pili ya Januari, Rick Tollefson, meneja wa mradi wetu, alikuja kazini na sikio la tatu. Lilikuwa limeota nyuma ya shingo, jekundu kwa baridi. Aliingia kwenye kontena la ofisi, akakung'uta theluji kwenye buti, akamimina kahawa, akauliza sakafu ya ghorofa ya tatu imefikia wapi.

Hakuna aliyeshangaa. Kampuni ilikuwa ikimpeleka kwenye mafunzo ya uongozi na mawasiliano kila Ijumaa, hotelini kando ya ziwa, na somo la wiki hiyo lilikuwa kusikiliza. Makao makuu yalituma keki. Wiki iliyofuata likaota la nne shavuni, na la tano kwenye paji la uso, baada ya somo la kupokea maoni ya walio chini yako. Helmeti ikagoma kuingia. Kanuni inasema helmeti iliyotobolewa haifai, lakini afisa usalama aliitoboa mwenyewe na kusaini fomu. Mkewe Rick alifuma vikofia vya sufu, kimoja kwa kila sikio, maana mji wetu wa Duluth, kaskazini mwa Marekani, mwezi huo si mahali pa kuacha sikio wazi.

Yalikuwa masikio mazuri, tusiyasingizie. Yalisikia simu ya makao makuu kabla haijalia. Mwenye jengo akiguna kule Minneapolis, Rick alikuwa ameshasimama.

Marlene Cadotte alikuwa mkaguzi wa zege, mwaka wa ishirini na mbili kazini. Kila zege likimwagwa, yeye hujaza mikebe kadhaa ya sampuli. Maabara huzivunja sampuli hizo, na nguvu zake ndizo zinazoamua lini mirunda inayoshikilia sakafu itolewe. Sampuli zinatakiwa zikae nje, kwenye baridi ileile inayoitafuna sakafu, kwa sababu kwenye baridi zege hukomaa polepole. Safari hii mtu alizionea huruma kama vifaranga, akaziingiza kwenye kontena, kando ya hita. Zikalala humo siku tano. Maabara ikaleta karatasi: nguvu tele.

Marlene alizikuta zilizobaki bado kando ya hita, zina joto, akaenda kwa Rick moja kwa moja. Rick akavua vikofia, kimoja kimoja, kama alivyofundishwa, akainama mbele.

"Zile sampuli zimelala kwenye hita," Marlene akamwambia. "Sakafu imelala nje. Hiyo karatasi ni ya hita, Rick, si ya sakafu. Nipe siku nne, mirunda isiguswe."

Masikio yote matano yakamgeukia.

"Ninachosikia," Rick akasema polepole, "ni kwamba una wasiwasi."

"Sina wasiwasi. Zege ni bichi."

"Nashukuru kwa kuwa muwazi."

Akavaa vikofia, akaandika kwenye daftari kwamba Marlene amesikilizwa, kisha akasaini mirunda itolewe Alhamisi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiposikia anavunjika nani.

Marlene alipiga simu makao makuu. Wakamuuliza kama ameshaongea na Rick, maana siku hizi Rick anasikiliza sana. Akaenda kwa mnyapara, mnyapara akamwonyesha saini. Mwishowe akamfuata Dale Korpi, fundi seremala, mume wa mdogo wake, aliyepangwa kwenye kundi la kutoa mirunda. Alimkuta akila mkate wake wa nyama, akamwomba kesho aumwe tumbo.

"Umemwambia Rick, shemeji?"

"Nimemwambia."

"Masikio yote?"

"Yote matano."

Dale akacheka mpaka akapaliwa. "Sasa wewe mkaguzi hujasikika, mimi wa nyundo nitasikika wapi? Nikilala kesho, keshokutwa sina kazi. Mdogo wako atanifukuza na mto wangu."

Alhamisi, saa nne asubuhi, sakafu ilishuka. Wenzake watatu walitoka. Dale hakutoka. Inauma, na haijaacha kuuma.

Kamati ya kampuni ilikaa wiki mbili hotelini, ikaona tatizo lilikuwa mawasiliano. Rick hakuwa na kosa: masikio yake yalihesabiwa, na daftari lilionyesha kwamba amesikiliza. Ila ujumbe, kamati iliandika, haukufikishwa kwa namna ya kumwezesha kiongozi kuchukua hatua. Basi Rick akapewa miradi miwili zaidi, na Marlene akaandikishwa mafunzo ya kuzungumza na viongozi.

Alitaka kuacha kazi. Lakini nyumbani sasa kulikuwa na mdogo wake na watoto wawili wa Dale, wote wakila mezani pake. Akaenda. Kila Ijumaa alilia kwanza kwenye gari, akapangusa uso, akaingia, akabandika jina lake kifuani. Walimfundisha kuanza na shukrani. Walimfundisha kutosema "hapana" mwanzoni mwa sentensi.

Wiki ya tatu mdomo wa pili ulifunguka kooni mwake, juu kidogo ya kola. Ulikuwa mdogo, wenye meno safi. Mwalimu alimpongeza mbele ya darasa. Marlene akanunua mswaki mwingine.

Mwezi wa Machi walimwaga zege la daraja, mmoja wa miradi mipya ya Rick, theluji ikianguka. Siku ya tano Rick alikuja na karatasi mkononi, akavua vikofia, akamwinamia Marlene na kuuliza kama mirunda inaweza kutolewa. Chini ya daraja watu sita walikuwa wameshashika nyundo. Marlene, aliyejua zege bado ni bichi, akavuta pumzi.

"Asante kwa kuuliza," mdomo wa kooni ukasema kwa upole. "Iko tayari."

Rick akasaini. Mdomo wa zamani ulikuwa ndiyo kwanza unafunguka.