Ndugu wa Bomba Moja

Mama Constance hakuwa na ugomvi na kampuni ya maji mpaka siku redio ilipotangaza kwamba bei zitabadilika. Kabla ya hapo aligombana na majirani wawili, paroko mmoja na kuku wa nyumba ya pili, na hao walimtosha.

Tangazo lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni inapendekeza bei mpya, na kila bomba mjini litaingizwa katika moja ya mafungu mawili. Bomba la nyumba, yaani la familia inayokunywa, kupika na kuoga kwa maji yake, litaendelea kulipiwa karibu na bei ya zamani. Bomba la biashara litalipiwa mara nne. Kabla pendekezo halijapitishwa, mawakala watapita nyumba kwa nyumba kuandika lipi ni lipi.

Sasa, katika avenyu yao yote pale Hewa Bora, Lubumbashi, bomba lililotoa maji kila siku lilikuwa moja tu, na lilisimama katika ua wa Mama Constance. Mengine yalikohoa. Marehemu mume wake, Papa Adalbert, fundi wa reli, alilitia upande wa chini kabisa wa kiwanja, na maji hayana kiburi, yakashuka kwake. Adalbert alipofariki hakuacha shamba wala duka. Aliacha bomba. Kila asubuhi majirani walipanga bidoni zao, madumu ya njano, mbele yake, faranga mia moja kwa bidoni, na kwa mia hizo mjane alikula, alivaa na alitoa sadaka. Hakuwa na chakula kingine duniani.

"Mara ine," alimwambia Madeleine, muuza maandazi, jirani wa ukuta kwa ukuta. "Nitauzisha bidon moja bei gani? Mia ine? Nani atanunua?"

"Haiko mimi," alisema Madeleine. "Mimi nitaoga dimanche tu, siku ya misa."

Nyuma ya ukuta wa upande wa pili alikuwa Papa Clément, mfanyabiashara wa saruji na misumari, mtoto wa wazazi waliotoka Kasai. Huyu alikuwa msomaji. Karatasi yoyote iliyofika Hewa Bora ilipita kwanza mbele ya miwani yake, hata ile iliyofungiwa karanga. Akatokeza kichwa.

"Karatasi ya kampuni inasema maji ya famille," alisema. "Haisemi famille ya bantu ngapi. Sisi bote tukikuwa famille, biashara iko wapi?"

Fikra hiyo ilizunguka avenyu nzima kabla mafuta ya Madeleine hayajapata moto. Siku ya Jumamosi watu wakakutana kwa Mama Constance kugawana undugu. Guelord, fundi wa pikipiki, kijana wa mabega mapana, alipewa umwana wa kwanza. Madeleine akawa binamu upande wa mama. Kwa Papa Clément ndipo mambo yalipokwama. Watu walimpa ujomba, naye akaukataa. Tangu kufiwa na mke alikuwa akipaka nywele dawa nyeusi, na cheo chochote chenye harufu ya uzee hakukitaka. Atakuwa kaka, alisema, tena kaka mdogo. Mama Constance, aliyezaliwa baada yake kwa miaka mingi, alisema heri bomba likauke. Waliachana hivyo hivyo, bila kuelewana.

Wakala alifika Jumanne asubuhi. Jina lake Ruphin, kijana mpole mwenye daftari kubwa, aliyepangusa viatu kabla ya kuingia katika ua ambao haukuwa na sakafu. Alikuta watu arobaini na mmoja. Mama Constance alikuwa amewaomba wakae kama familia, kwa hiyo nusu walikuwa wanakula na nusu walikuwa wameanza kugombana.

"Bale bote njo famille yako?" aliuliza Ruphin.

"Bote," alisema Mama Constance.

Guelord alipoitwa alipiga magoti mbele ya Mama Constance, heshima ambayo hajawahi kumfanyia hata mama yake mzazi, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kuandikwa shangazi. Ruphin aliandika. Akamgeukia Papa Clément.

"Na wewe Papa, uko nani kwa Mama?"

"Kaka yake."

"Mukubwa ao mudogo?"

"Mukubwa," alisema Mama Constance. "Mudogo," alisema Papa Clément. Walisema pamoja. Papa Clément alivua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Tuko mapasa," alisema.

Ruphin alitazama kitambulisho cha mmoja, akatazama cha mwingine. "Papa, munapitana miaka kumi na sita."

"Yeye alichelewa," alisema Papa Clément.

"Mama yetu aliteseka sana," aliongeza Mama Constance.

Ruphin akaandika mapacha. Ikafika zamu ya Madeleine, na Madeleine alikuwa amekariri ubinamu wake kwa siku tatu nzima. Lakini kuna watu ambao kalamu ya ofisi ikiwaelekea tu wanasahau hata jina la baba yao. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Niko bibi ya pili ya marehemu," alisema.

Mama Constance aliona ua unazunguka. Adalbert aliimba kwaya miaka thelathini. Adalbert hakuwahi kumwangalia mwanamke mwingine, isipokuwa Bikira Maria, na huyo alimwangalia kanisani mbele ya watu wote. Alitamani kumrukia Madeleine palepale na kumvua kilemba. Lakini kalamu ilikuwa imekwisha kutembea, na Ruphin aliuliza kwa upole wake, "Munapatanaka?"

"Sana," alisema Mama Constance, meno yamekazana.

Ruphin alifunga daftari. "Robinet ya nyumba," alisema. "Bantu makumi ine na moja." Vigelegele vilisikika mpaka barabarani.

Asubuhi iliyofuata Mama Constance alikaa kwenye kigoda chake kando ya bomba, kama siku zote, na kunyoosha mkono. Guelord alijaza bidoni nne, akasema "Aksanti, mama," akaenda zake.

"Guelord. Mia ine."

Guelord alirudi, uso wake umejaa huzuni ya kweli. "Mama, mutoto anauziwaka maji kwabo?"

Mama Constance alidhani ni mzaha. Akaja Papa Clément na bidoni sita, akazijaza, akamuuliza pacha wake kama amelala vizuri. Akaja mwingine, na mwingine, na kila mmoja alichota kama anayechota kwao. Madeleine hakuleta hata bidoni. Alileta beseni, sabuni na nguo za wiki nzima, akafulia hapohapo uani, akisema mjane hafukuzwi katika nyumba ya mume wake. Alhamisi Guelord alianza kuuliza tutakula nini saa sita. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana, ila hawakusema nani aanze kumfaa mwenzake.

Jumamosi Mama Constance alikung'uta mfuko wa unga, akapata uji wa mtu mmoja, tena mwepesi. Aliunywa amekaa juu ya kitanda, na aliogopa. Bomba lilimwaga maji nje toka alfajiri mpaka jua kuzama, mwisho wa mwezi lingetaka kulipiwa, na yeye hakuwa na kitu. Aliwahi kuwa mjane na maskini kwa wakati mmoja, lakini hajawahi kuwa maskini katikati ya ndugu arobaini.

Jumatatu alijifunga kitenge cha kanisani, akaenda ofisi ya kampuni, akamkuta Ruphin na daftari lake.

"Mutoto yangu, futa famille," alisema. "Andika biashara."

Ruphin aliweka kalamu chini. "Mama, bantu banakuyaka hapa na kulia, banaomba tubatoshe mu biashara. Wewe unaomba kuingia?"

"Biashara itanikamata mara ine. Famille inanikula yote."

Ruphin alikuna kichwa, akafunua ukurasa. Alisikitika, ilionekana, lakini alikuwa mtu wa kanuni. Kubadilisha inawezekana, alisema, ila bomba limekwisha kuandikwa la familia, si lake peke yake. Lazima conseil de famille ikae, wakubaliane, na kila aliyeandikwa atie saini.

"Bote makumi ine na moja?"

"Bote, Mama."

"Na bibi ya pili?"

"Na bibi ya pili," alisema Ruphin, akampa karatasi.

Baraza la familia haliitwi kwa sufuria tupu, kila mtu Lubumbashi anajua. Mama Constance aliuza kitenge kimoja alichokuwa amekihifadhi sandukuni, akanunua unga, majani ya sombe na dagaa wa ndakala, akapika ugali wa bukari wa kutosha harusi. Walikuja wote. Hakuna aliyeumwa siku hiyo, hakuna aliyekuwa na safari. Papa Clément, ambaye ghafla alikumbuka kwamba katika mapacha wale yeye ndiye aliyetangulia kutoka, alishika kiti cha mkubwa wa familia. Walikula, wakaongezwa, wakanawa. Ndipo Mama Constance akaweka karatasi juu ya meza na kuwaambia wazi: hana unga, hana faranga, anaomba waachane kwa saini, wauziane maji kama zamani.

Papa Clément aliinamiana na wazee wenzake, wakanong'onezana. Akasimama.

"Famille imesikia," alisema. "Famille inakatala. Muntu haachake damu yake sababu ya robinet."

Watu wakapiga makofi. Guelord alifuta machozi, na yalikuwa ya kweli. Kalamu ilibaki juu ya karatasi, hakuna aliyeigusa.

Mama Constance alisimama. Alikuwa amejiandaa kulia, na machozi yalikuwa karibu. Lakini aliziona nyuso zile zimeshiba sombe yake, zimeng'aa kwa mafuta aliyoyanunua kwa kitenge chake, na hasira ikamjaa, na pamoja na hasira ikaja akili.

"Aksanti," alisema. "Basi kweli niko mama yenu?"

"Uko mama yetu," waliitikia.

"Muzuri. Mu famille, muntu akikufwa, tunafanyaka nini?"

"Tunachangaka."

"Mutoto akioa?"

"Tunachangaka."

"Mugonjwa akilala hopitali?"

"Tunachangaka," walisema, ila sasa sauti zilikuwa zimepungua, maana wenye pua walikwisha kusikia harufu.

"Na maji ya famille, ikikuwa na facture ya kulipa?"

Mama Constance hakumwangalia mtu mwingine, alimwangalia Madeleine, akamwangalia kwa muda mrefu, kama mwanamke anavyomwangalia mke mwenzie. Madeleine alitazama vidole vya miguu yake.

"Tunachangaka," alisema polepole.

"Bidon moja, muchango mia mbili," alisema Mama Constance.

Guelord aliinua mkono. "Mama, ilikuwaka mia moja."

"Ile ilikuwaka bei. Bei, muntu anaweza kuibishania. Huu ni muchango." Alizungusha macho uani, taratibu, mtu kwa mtu. "Mwenye hatachanga aseme sasa, mbele ya famille, tumujue."

Hapo walinaswa. Mtu wa Hewa Bora anaweza kukataa kulipa, anaweza kumkimbia mdai wake mpaka Kasungami, pembeni ya mji, na watu watacheka tu. Lakini anayekataa mchango mbele ya ukoo anajiuliza mwenyewe nani atabeba jeneza lake. Papa Clément alitafuta neno katika kichwa chake chote kilichosoma, hakulipata, akaingiza mkono mfukoni. Kampuni ilikuwa ikipendekeza bei yake mpya kwa miezi, kwa redio, kwa karatasi na kwa mikutano, na ilikuwa haijapita bado. Ya Mama Constance ilipita kabla sahani hazijaoshwa.

Kesho yake alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono. Kila aliyeweka mia mbili aliambiwa "Aksanti, mutoto yangu," na kila mmoja alijibu "Aksanti, mama," kwa sauti ya mtu aliyeibiwa na hajui amshitaki nani. Saa nne alikuwa amekwisha kununua unga, mfuko mzima.