Mwari wa Kipindupindu

Mambrui nzima ilikuwa ya Nana. Kila asubuhi, akishamaliza chai kwa dada yake Kaltuma, alijitanda leso akaingia mitaani kuamkia watu: mkono wa mkubwa aubusu, wa mtoto autikise mpaka mtoto acheke. Nyumba hii atapewa kitumbua, ile atachota maji mtungini kwa kata. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, ila akili ilikawia njiani, na mji haukuwa na haraka naye. Mama yao alipokuwa akikata roho alimwambia Kaltuma neno moja tu: "Nana ni amana yako."

Basi kipindupindu kikaingia. Kilianzia Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, kikafika Mambrui watu hawajajua hata kulitamka jina lake. Bwana Afya, jina lake Joram, akawa anapita kila siku na gari la kipaza sauti: maji yachemshwe, watu wanawe kwa sabuni, wasishikane mikono, na harusi na matanga ni marufuku mpaka watangaziwe tena. Kaltuma alisikiliza, akamtazama nduguye. Mikono ile! Kinywa kile kisichokataa cha mtu! Utamwelezaje Nana habari ya mdudu asiyeonekana? Ala, hata kujaribu hakujaribu. Alifunga mlango akatia komeo.

Siku hiyo usiiseme. Nana aliupiga mlango, akalia mpaka sauti ikakauka. Magharibi ilipokaribia, neno likamponyoka Kaltuma: "Nyamaza basi. Mwari hatoki nje mpaka siku ya harusi."

Nana akanyamaza. "Mwari nani?"

"Wewe."

Tangu saa ile nyumba ikawa kama imesinzia. Mapazia yakashushwa, mwanga ukaingia kijanikijani, moshi wa udi ukatambaa darini usijue unakwenda wapi. Kaltuma alimsinga nduguye mwili kwa liwa ya kunukia, akamtia hina mikononi na miguuni, na ikififia akamtia nyingine, kwa kuwa Nana mwenye hina mbichi hukaa viganja wazi magotini, hagusi kitu, hatii kidole kinywani. Maji ya kuchemsha aliyatema mara ya kwanza, ati yamekufa. Kaltuma akaufukiza mtungi kwa ubani, akamwambia ni maji ya mwari. Akayanywa, akaomba mengine.

"Bwana mwenyewe nani?" aliuliza siku ya tatu.

"Yuko safarini."

Yaliyobaki Nana aliyatengeneza mwenyewe. Bwana aliitwa Badi. Badi ana mwanya, Badi anaogopa paka, Badi hali samaki mwenye miba mingi. Mchana wa joto Nana alijilaza mkekani akizungumza naye polepole, akinyamaza panapostahili ili naye ajibu. Kaltuma akikanda unga alijikuta anasikiliza majibu, na mara moja, Mungu amsamehe, alimtengea Badi mkate.

Wiki ya nne jeneza likapita chini ya dirisha, limebebwa na watu wanne tu, mbio mbio. Alikuwa Mzee Saad, mume wa Bi Shekha wa nyumba ya pili.

"Watu wa harusi hao," Kaltuma alisema upesi.

Nana akamwangalia. "Wanazika, dada," akasema kwa upole, akairudisha mikono magotini.

Wiki ya saba gari likapita na maneno mapya: maradhi yamekwisha, harusi ruksa, matanga ruksa. Kaltuma alimshukuru Mungu kwa machozi, akakimbilia chumbani. Akamkuta Nana amevaa kisutu cha harusi cha marehemu mama yao, ameketi kitandani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Leo, dada," alisema. "Nimesikia. Harusi zimefunguliwa."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Kaltuma angeweza kuirefusha kidogo, amwambie bwana kachelewa, kesho, kesho kutwa. Maneno alikuwa nayo tayari. Lakini aliiona ile mikono myekundu inayongoja, akaona haya.

"Hakuna bwana, Nana. Nilikudanganya. Watu walikuwa wakifa. Niliogopa utashikana nao mikono, utakunywa maji yao, ufe uniache."

Nana aliigeuza mikono yake, akaitazama hina.

"Maradhi yako kwenye maji, na kwenye mikono," alisema. "Maji yachemshwe. Mikono kwa sabuni. Yule mtu wa gari alisema kila siku." Akainua uso. "Ungeniambia, dada. Mimi nami sikutaka kufa."

Hapo Kaltuma alilia kilio cha aibu, na hakuna aliyembembeleza. Nana alikuwa anavua bangili, moja moja. Akakikunja kisutu.

"Nataka nguo nyeupe," alisema. "Nikae eda ya Badi."

"Nana, huyo mtu hakuwako."

"Mimi nilimngoja."

Kadhi angekuwa na lake la kusema, lakini kadhi hakuulizwa. Kaltuma alitafuta shuka jeupe, akaondoa komeo, akamshika nduguye mkono hadi nyumba ya pili, kwa Bi Shekha, aliyekuwa edani peke yake. Matanga yalipokuwa marufuku hakuna aliyekuja kumlilia Mzee Saad, na yaliporuhusiwa watu walikuwa wamechoka na vifo.

"Shikamoo, Bi Shekha. Ndugu yangu ataka kukaa eda nawe."

"Marahaba. Eda ya nani tena, mwanangu?"

Nana hakumrukia mkono kama zamani. Alisimama kizingitini, akaomba maji na sabuni, akanawa taratibu mpaka katikati ya vidole. Ndipo akaenda akaketi kando ya mjane, akamshika mkono.

"Ya Badi," alisema. "Wako anaitwa nani?"

"Saad," akasema Bi Shekha, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe akapaza sauti akalia. Kaltuma akatandika mkeka mwingine, maana kwa sauti ile wanawake wa mtaa walikuwa wameanza kuja.