Blanketi Jekundu la Meneja

Meneja alikuwa paka, lakini ukiingia dukani kwa Dobi ungedhani yeye ndiye aliyewaajiri wote. Alijilaza juu ya nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akakunja mikono kifuani, akawatazama wateja kwa jicho moja.

"Meneja, shati langu tayari?" wateja humuuliza.

Naye hupiga mwayo.

Wenye duka walikuwa wawili. Dobi alifua, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipiga pasi. Waliishi pamoja vyumba vya nyuma ya duka, na tangu msiba ule hakuna aliyekuwa na mtu mwingine wa kumwambia "umekula?" Dobi alikuwa na jambo moja la kujivunia: hajawahi kuharibu rangi ya nguo ya mtu. Kila kitambaa alikijua tabia yake kama mtu anavyowajua wanawe.

Balaa lilianza na panya. Walitoboa koti la mteja, Wifi akanunua sumu akaitega nyuma ya kabati. Siku chache baadaye Meneja hakupanda mezani. Alijikunyata kando ya bakuli, kichwa kimening'inia juu ya maji, asinywe. Akatapika povu la njano. Kesho yake akaanza kuhara damu, na kabla jua halijazama alikuwa amekauka kama gogo.

"Umeniulia paka," Dobi alisema.

"Wifi, haki ya Mungu, sumu iko pale pale nilipoiweka. Haijaguswa. Njoo uone."

"Nikaone nini? Mkono wako ulioitega ndio huo huo unaoniapia?"

Mwalimu mmoja, mteja wao wa siku nyingi, alikuwa amesimama kaunta akisubiri magauni yake. Alijifanya anakagua vifungo, masikio yakiwa wazi kama madirisha. Naye alifuga paka. Meneja hajafukiwa, habari ilikwisha zunguka mtaa mzima. Wateja wakaanza utani wao.

"Nipigie pasi, dada, lakini usinitilie kitu kolani!"

Wifi alikuwa akicheka nao. Mteja akishatoka, uso unarudi kuwa jiwe.

Dobi alichukua blanketi la Meneja, la sufi nyekundu, akalifua kama inavyostahili kufuliwa sufi yenye rangi. Maji baridi, maana ya moto huikunja. Sabuni laini, akasuuza na kusuuza tena. Jiki hakuigusa, ingawa chupa ilikuwa karibu na kiwiko chake. Jiki ni ya mashuka meupe. Akalianika kivulini lisipauke. Lilitoka likinukia, limenona, jekundu kama siku lilipotoka dukani. Akalikunja akaliweka kabatini, akalia kidogo.

Ikapita kama wiki mbili za kupishana mlangoni bila salamu. Ndipo Wifi alipoingia na kikapu, ndani yake kitoto cha paka, cheupe, mkia mweusi.

"Sina neno la kukuambia ukaliamini," alisema. "Basi shika hiki."

Dobi alikishika. Kilimpanda begani kikaanza kumnyonya sikio.

"Huyu umeneja hajaufikia," alisema Dobi, akijizuia kutabasamu.

"Aanze na ukibarua, kama sisi tulivyoanza."

Wakacheka. Kwa mara ya kwanza tangu kifo cha Meneja walikunywa chai meza moja. Dobi alitoa blanketi jekundu kabatini, akamtandikia Kibarua kwa mikono yake mwenyewe.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja Kibarua alikutwa ameinamia bakuli, kidevu kinagusa maji, hanywi. Chini yake povu la njano.

Dobi aligeuka polepole.

"Na huyu pia?"

Wifi hakulia wala hakuapa. Alimfunga Kibarua kwenye taulo. "Twende kwa daktari wa mifugo. Akisema ni sumu, nafungasha leo hii, na hutaniona tena. Lakini utakwenda nami. Utasikia kwa masikio yako."

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye makoti mawili, moja mwilini, moja msumarini, na yote yana madoa. Alimpima Kibarua joto, akachukua uchafu wake kwa kijiti cha pamba, akautia kwenye kifaa kidogo. Mstari mmoja ukatokea, kisha wa pili.

"Si sumu," alisema. "Ni kirusi. Kinaharibu utumbo, kinamaliza zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Ndiyo maana ana kiu na hawezi kunywa. Watu hakiwadhuru, lakini paka asiyechanjwa, hasa mdogo, hali yake ni hii mnayoiona."

"Hajatoka nje hata siku moja," Dobi alisema.

"Kuna paka mwingine aliyefia kwenu?"

Wifi akajibu, "Yupo. Alikufa hivi hivi."

"Na huyu analalia nini?"

"Blanketi la yule," Dobi alisema haraka, "lakini nimelifua! Nimelifua mwenyewe, sabuni, maji baridi, nikalianika kivulini."

Daktari alishusha pumzi. "Ungelitia jiki."

"Jiki inaua rangi."

"Inaua na kirusi. Sabuni peke yake haikiwezi. Kinakaa kwenye kitambaa, sakafuni, hata mwaka. Soli ya kiatu inakibeba. Nguo inakibeba."

"Nguo aliyoilalia paka mgonjwa?" aliuliza Wifi.

"Hiyo ndiyo hasa."

Dobi aliitazama mikono yake, ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji ya miaka yote ile.

Kibarua alitundikiwa maji ya dripu. Kesho yake mchana akafa.

Walirudi dukani wakimbeba. Dobi alimwaga jiki sakafuni, akasugua mpaka macho yakamchoma. Wifi alisimama penye meza ya pasi, hakushika brashi.

"Nisamehe, wifi yangu," Dobi alisema akiwa amepiga magoti kwenye maji.

"Ulinisema mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

"Nikisema ni ugonjwa, watauliza umeenea vipi. Meneja alilala juu ya nguo zao wote. Hakuna atakayeleta hata leso."

"Hilo nalijua. Kwa hiyo bora mimi nibaki muuaji, duka lipone?"

Dobi akarudisha brashi sakafuni. Wifi akawasha pasi. Tangu hapo alisema naye neno la kazi tu: lete, bado, tayari. Begi lake lilikuwa limetoka chini ya kitanda, limesimama mlangoni mwa chumba.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu aliingia na fungu la nguo kwapani.

"Hamjambo? Muuaji wetu yupo? Asije akanitilia kitu!"

Wifi hakuinua uso. Pasi ilisimama juu ya shati, kisha ikaendelea.

Dobi alishika ukingo wa kaunta. "Mwalimu, usimwite hivyo. Hakuua paka. Nilimsingizia, na wewe ulikuwepo. Ni ugonjwa. Kile kitoto alichokileta nimekiua mimi, kwa blanketi nililofua. Na Meneja alikuwa analalia nguo zenu. Zilitoka hapa hivyo hivyo. Mwenye paka anapaswa kujua."

Mwalimu alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka. Fungu lilimtelemka kwapani.

"Wangu yuko chini ya kitanda tangu jana," alisema taratibu. "Nilimwekea maji. Anayainamia tu."

Wifi aliisimamisha pasi, akazunguka kaunta. Akamshika Mwalimu mkono. "Twende tukamchukue. Namjua daktari. Usingoje jioni."

Wakatoka pamoja, haraka, nguo zikibaki sakafuni. Wifi hakugeuka.

Dobi aliinama kuziokota, akasita kuzigusa. Akanawa mikono kwanza, akaziweka kando, akachomoa waya wa pasi, akabaki amesimama nyuma ya kaunta akimngoja mteja anayefuata, ili amwambie na yeye.