Rangi Mbichi

Siku ambayo sauti ya Mado haikusikika, mzee Assumani alisimama kwenye kona ya soko la Kasongo, akangoja. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa. Ilikuwa Ijumaa.

Macho yake yalikufa zamani, lakini msikitini alikwenda peke yake. Mtaa ndio uliompeleka. Mado, muuza mikate, ndiye aliyekuwa akianza: "Bwana yangu, leo unanukia! Unaenda kuoa wapi?" Akiifuata sauti hiyo, alipokewa na cherehani ya Zéphirin, kisha na Pitchou, fundi wa baiskeli: "Shikamoo papa, mufereji iko mbele yako." Hakuna aliyemwacha apite bila salamu, na salamu zile ndizo zilizokuwa njia yake. Hata mabaraza ya mtaa yalipobomolewa ili kujengwa ghorofa, watu waliketi mbele ya mabati ya ujenzi, wakaendelea kumwita.

Jana ya Ijumaa hiyo walifukuzwa.

Alinyoosha fimbo, ikagonga ukuta. Akaweka kiganja: laini, baridi, juu kupita mkono wake ulipofika. Huo ulikuwa msingi tu. Ghorofa lenyewe lilianzia juu ya kichwa chake. Akaufuata. Hakuna mlango, hakuna ngazi, hakuna hata mtu wa kukohoa. Maduka yote yalitazama ndani, kwenye uwanja wa magari.

"Ee papa! Tosha mukono!" Alikuwa Placide, mlinzi. "Rangi iko mubichi. Angalia vile umechafua!"

"Mwanangu, niangalie na nini?"

"Basi usiguse. Patron, mwenye hii nyumba, anafika leo na wakubwa wa État, watu wa serikali."

"Wale walikuwa wanaikala hapa wako wapi?"

"Tuliwatosha wote. Walikuwa wanaharibisha uzuri ya nyumba."

"Na miye nipite wapi?"

"Barabara iko kubwa, papa. Shuka."

Placide alimshika bega, akamshusha taratibu barabarani, kama mtu anayehamisha kiti.

Vumbi. Honi. "Mado!" Assumani aliita. "Pitchou!" Alisikia pikipiki ikija, lakini ukuta uliirudisha sauti, ikawa kama inatoka upande wa pili. Akaikwepa. Akaingia mbele yake.

"Mzee, uko unatafuta kufa?" dereva alifoka, naye mzee tayari yuko chini.

Nyonga ilivunjika. Mado alipokuja nyumbani kumwona, alileta mikate.

"Unauzisha wapi sasa?"

"Nyuma ya soko, karibu na takataka. Mutu hapiti. Mikate najilia miye mwenyewe. Hauone vile nimenona?"

Alimpa mkono aushike. Ulikuwa mifupa.

Mzee aliuachia mkono huo. "Na ile rangi, imekauka?"

"Imekauka, papa. Pale uligusa walipaka tena. Wamesimika na vyuma vya ncha pembeni, mutu asiikale."

Adhana ilisikika, mbali. Mado alimgeuza taratibu, akamweka sawa na kibla.

Siku hizi mzee Assumani anasali nyumbani, akiwa ameketi, na watu wa mtaa ule wanapita katikati ya barabara.