Keremkerem wa Khole

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe kumi na tano Septemba 2025, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Keremkerem wa kwanza walitokea juu ya mitende ya Al Qabil, kundi zima la ndege, wakalizunguka birika la shamba la Mzee Jamaldini mara tatu, kisha wakenda zao bila ya kugusa tone la maji.

Jamaldini alikuwa papo hapo ukingoni, kitako kwenye kiti, kanzu nyeupe pe, redio inasoma khabari. Aliinuka akawapungia mkono warudi. Hawakurudi.

Si kama alikuwa mpenzi wa ndege. Miaka thelathini na mmoja mkewe, Khole, alimsimulia ndege hao wanaopita kila Septemba wakielekea Afrika, koo za manjano, wanavyochovya vifua birikani na kunyanyuka. Miaka thelathini na mmoja yeye aliitikia "ehe" huku akitafuta kiatu. Mwaka huu, mwezi wa Shaabani, siku mbili kabla hajafa, Khole alimshika kidole. "Wakija kunywa, nitazamie. Kisha uje uniambie." Hakuomba jengine. Na keremkerem hawamalizi mwezi, wameshapita.

Basi Jamaldini, aliyeacha skuli darasa la nne lakini hajaacha kujua kila kitu, akatafuta mkosaji. Hakuhangaika, wakosaji wake wote hukaa ofisini. Alianza na Yazeed, wakili wa falaji, anayegawa zamu za maji ya mfereji.

"Mmetia saruji mfereji, maji yananuka. Ndege wamekataa!"

"Ami Jamaldini," Yazeed alisema, "mie nagawa maji. Sigawi ndege."

"Ndivyo msemavyo nyote mkishapewa kiti."

Akenda ofisi ya taa za barabarani, eti taa zao zinawatisha ndege. Karani akampa karatasi aandike malalamiko. Jamaldini akaandika mistari minne, mmojawapo dua mbaya. Karani akaisoma, akauliza kwa upole, "Hao ndege, ni wako?"

Kila siku alizidi kudamka, na kiti alizidi kukisogeza majini, ili wakija asipitwe. Jua lilipomchoma alifungua mwavuli mwekundu. Makundi yakapita juu, yakazunguka, yakaenda. Mwavuli ukatikiswa kwa hasira.

Alhamisi ya tarehe mbili Oktoba, Kudura, mama wa Tanga anayempikia, alimletea chai pale ukingoni mwa birika.

"Shikamoo, Babu. Nikiuliza utakasirika?"

"Marahaba. Nimeshakasirika. Uliza."

"Bibi alikuwa anawaangalia akiwa wapi?"

"Jikoni, dirishani. Kiti hichi nimekitoa huko. Kioo kimejaa moshi, mtu ataona nini?"

Kudura akatazama kiti, redio, mwavuli. Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Babu, hata mimi ningekuwa ndege nisingeshuka. Umekaa kama askari wa forodha!"

Jamaldini alifungua mdomo amtaje mkubwa fulani. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakupata jina.

Asubuhi ya pili alikirudisha kiti jikoni, akakaa dirishani, redio imezimwa. Wakaja kumi na wawili, huenda ndio wa mwisho. Walijipanga kwenye waya, kisha mmoja mmoja wakateremka, kifua majini, juu tena, matone yanang'aa. Jamaldini alilia, akausingizia moshi wa kioo.

Na kutoka kiti kile, nyuma ya birika, aliliona geti. Geti lile lile alilotokea yeye kila asubuhi ya Septemba, kwani Khole alikuwa akimwambia, "Baba Hafidha, vitunguu vimekwisha. Nenda Ibra." Ibra, nusu saa kwa gari, na vitunguu vinauzwa papo hapo Al Qabil, karibu na msikiti! Miezi mingine yote vitunguu vilikuwa havikwishi nyumba ile. Naye njia nzima, miaka thelathini na mmoja, aliwalaani wakubwa kwa uhaba wa vitunguu.

Alasiri alikwenda makaburini. Alimwambia Khole idadi yao, rangi zao, waya, matone. Amana ikafika. Lakini hakuondoka. Alisimama pale, kofia mkononi.

"Sasa niambie, Khole. Ulikuwa ukinituma Ibra kwa sababu ya ndege, au ulitaka tu asubuhi moja bila ya mimi?"